Ruti Kanali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matibabu ya Mzizi wa Jino

Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la kusubiria, kwenye kiti cha matibabu, na kwenye ujumbe wa simu unaoingia saa nane usiku, saa ambayo jino bovu hupenda kuamka. Nimeyapa namba ili jibu likitegemea jingine nikuelekeze badala ya kurudia. Mwenye uvimbe unaokua haraka, homa, au anayepata taabu kumeza asianze na swali la 1. Aende moja kwa moja swali la 8.

## Msingi wa jambo

1. Ruti kanali ni nini hasa?

Jino si mfupa mtupu. Nje lina tabaka gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini. Chini yake kuna tabaka la manjano kidogo lenye vitundu visivyoonekana kwa macho, na katikati kabisa kuna uwazi uliojaa nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Nyama hiyo ndiyo kiini cha jino. Kiini hushuka ndani ya mizizi kwa mifereji myembamba hadi nchani, kinapoungana na mishipa ya taya.

Ruti kanali ni kukitoa kiini kilichooza au kinachokufa, kusafisha mifereji yote, kisha kuijaza ili vijidudu visipate pa kuishi. Jino linabaki mahali pake. Wengine huita "kuua jino" au "kuua mshipa", jina linalotisha bure, maana mara nyingi mgonjwa anapofika kwetu mshipa umeshakufa wenyewe.

2. Jino limetoboka juu. Usaha umefikaje chini kwenye mzizi?

Bakteria wa kinywani hula sukari tunayokula sisi, kisha hutoa tindikali. Tindikali hulainisha tabaka gumu polepole, tundu linachimbika, na siku moja bakteria wanakifikia kiini. Kiini huvimba kama inavyovimba sehemu yoyote ya mwili ikishambuliwa, ila chenyewe kimezungukwa na kuta ngumu pande zote, hakina pa kutanukia. Shinikizo linapanda, jino linapwita kwa kufuata mapigo ya moyo, na ukilala damu inaongezeka kichwani, maumivu yanazidi. Ndiyo maana wagonjwa hunihadithia kwamba wamelala wamekaa.

Kiini kikishakufa, bakteria wanateremka hadi nchani na kutokea kwenye mfupa wa taya. Mwili unapigana nao pale, na mabaki ya vita hivyo ndiyo usaha.

Kwamba bakteria ndio chanzo kulithibitishwa kwa jaribio moja ninalolipenda sana. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walitoboa meno ya panya hadi kwenye kiini. Panya wa kawaida viini vyao vilioza. Panya waliolelewa bila kijidudu chochote, meno yao yalianza kujijengea ukuta mpya, ingawa chakula kilikuwa kinaingia tunduni.

3. Jino liliniuma wiki nzima, kisha maumivu yakakata yenyewe. Si limepona?

Limenyamaza. Kupona ni kitu kingine, na swali hili ndilo linaloponza wengi kuliko yote yaliyomo humu.

Kilichokuwa kinauma ni mshipa wa fahamu ulio ndani ya kiini. Ukifa, hakuna tena wa kupeleka taarifa. Bakteria wamebaki palepale, na sasa wana raha zaidi: damu haifiki tena ndani ya jino, kwa hiyo kinga ya mwili haiwafikii. Kimya hiki kinaweza kudumu wiki, miezi, hata miaka. Wakati huo wote mfupa unaozunguka ncha ya mzizi unaliwa, nasi tukipiga picha tunaona doa jeusi. Halafu siku moja, pengine umechoka au una mafua, pengine bila sababu yoyote, unaamka shavu limejaa.

Jino lililonyamaza huacha alama ukilichunguza. Linaingia ukijivujivu. Unatafuna upande mmoja bila kujua kwa nini. Kinywa kina ladha mbaya asubuhi. Au kinatokea kijipu kidogo kwenye fizi, kinapasuka, kinapotea, kinarudi. Kijipu hicho hakiumi kwa sababu usaha umepata mlango wa kutokea. Usikitumbue kwa sindano ya kushonea. Nimeona waliofanya hivyo na hakuna aliyenufaika.

Wagonjwa wenye shavu lililovimba ninapowauliza vizuri, wengi wanakumbuka: "Kweli dokta, mwaka jana liliniuma, lakini likaacha."

4. Nitajuaje kama nahitaji kuziba tu au ruti kanali?

Wewe huwezi kuwa na uhakika, lakini unaweza kukisia. Maji baridi yakikushtua kwa sekunde chache kisha basi, kiini mara nyingi bado kinaweza kuokolewa na jino likazibwa kawaida. Maumivu yakibaki dakika nzima baada ya kumeza, yakija bila kuguswa, yakikuamsha usiku, au chai ya moto ikiwasha na maji baridi yakatuliza, kiini kimeshafika pabaya. Ukiuma kitu na jino likauma kama limechomoza kuliko wenzake, uambukizo umeshafika nchani.

Sisi huligusa kwa kitu cha baridi, huligonga polepole, hulilinganisha na jirani zake, kisha hupiga picha. Usimlaumu daktari akichukua muda hapa. Maumivu ya jino hudanganya: la chini huweza kuhisiwa juu, au sikioni kabisa.

5. Natokea Arusha, meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni. Nayo yanahitaji matibabu haya?

Hapana. Hiyo ni floridi nyingi kwenye maji uliyokunywa meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya. Ni jambo la kawaida Arusha, Kilimanjaro, Manyara na kote Bonde la Ufa hadi Kenya. Rangi iko kwenye tabaka la nje, kiini kizima. Wa kutiliwa shaka ni yule mwenye jino *moja* lililogeuka rangi peke yake ukubwani. Huyo asome swali la 19.

## Kabla ya kuamua

6. Kwa nini nisiling'oe tu, yaishe?

Unaweza. Jino ni lako. Ila ujue kwamba hayaishi.

Gego likitoka, jirani yake wa nyuma huanza kulala kuelekea kwenye pengo, na lile la juu yake huteremka kutafuta mwenzake. Chakula kinakwama katika nafasi mpya, meno mengine yanaanza kuoza, na kazi yote ya kutafuna inahamia upande wa pili. Hayatokei kesho, yanachukua miaka, ndiyo maana mtu hahusishi. Ukitaka kuziba pengo, utachagua jino bandia la kuvua, daraja linalohitaji kuchonga meno mazima ya pembeni, au kipandikizi kinachofungwa kwenye mfupa kwa gharama kubwa. Jino lako mwenyewe, hata lililokufa kiini, bado limeshikwa na nyuzi zinazohisi uzito wa chakula. Kipandikizi hakina nyuzi hizo.

Lakini kuna meno ambayo mimi mwenyewe nitakushauri kung'oa: lililopasuka mzizi kwa urefu, lililooza hadi chini ya fizi hakuna pa kushikiza chochote, linalocheza kwa sababu mfupa umekwisha, na mara nyingi gego la mwisho kabisa ambalo halina mwenzake wa kutafuna naye. Kung'ang'ania jino la namna hiyo ni kukulia hela yako.

7. Nikinunua antibayotiki duka la dawa si inatosha?

Haitoshi, na kwa sehemu kubwa ya wenye maumivu ya jino haihitajiki kabisa. Antibayotiki husafiri kwa damu. Kiini kikifa, damu haiingii tena ndani ya jino (swali la 3), kwa hiyo dawa inazunguka mwili mzima isipokuwa mahali palipo na tatizo. Uvimbe utapungua kwa sababu dawa inafika nje ya mzizi, utajisikia nafuu, na baada ya muda hali itarudi.

Kwa kiini kilichovimba ambacho bado hakijafa, dawa hizi hazipunguzi hata maumivu. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa mwaka 2019 unasema hivyo wazi: kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri anayeweza kupata matibabu ya jino lenyewe, asipewe antibayotiki kwa maumivu ya kiini. Tunaziandika pale uambukizo unaposambaa, kuna homa, au kinga ya mgonjwa ni dhaifu.

Nusu dozi ni mbaya kuliko kutokunywa. Kidonge kimoja cha rangi mbili ulichopewa na jirani kinawafundisha bakteria tu namna ya kukizoea.

8. Lini ni dharura ya kukimbilia hospitali usiku huohuo?

Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, hasa ukiwa mgumu pande zote mbili. Ulimi ukiinuka. Ukishindwa kumeza mate, sauti ikibadilika, mdomo ukigoma kufunguka, pumzi ikiwa nzito. Uvimbe wa juu ukifunga jicho. Homa kali na kutetemeka.

Uambukizo wa jino la chini unaweza kuingia kwenye nafasi zilizo chini ya ulimi na kubana njia ya hewa. Daktari wa Kijerumani Wilhelm von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na hadi leo unaua watu ambao walianza na tundu la jino. Usisubiri kliniki ya meno ifunguliwe asubuhi. Nenda idara ya dharura ya hospitali kubwa iliyo karibu. Usikande kwa maji ya moto kwa nje.

9. Karafuu, kitunguu saumu, ugoro, maji ya betri: kipi kinasaidia?

Karafuu inasaidia, na bibi zetu wa Unguja na Pemba hawakukosea. Ndani ya mafuta yake kuna yujenoli, kitu kinachotia ganzi kidogo na kutuliza kiini. Sisi wenyewe tunaitumia: unga wa zinki ukichanganywa na yujenoli ni dawa ya kuzibia kwa muda, ile harufu unayoikuta ukifungua mlango wa kliniki ya meno. Weka tone kwenye pamba, pamba kwenye tundu, basi. Ukimimina unaunguza fizi. Na inatuliza tu, haisafishi kitu.

Kitunguu saumu na aspirini iliyosagwa huchoma fizi. Nimeona vidonda vyeupe vikubwa kuliko tatizo la mwanzo. Maji ya betri ni tindikali kali. Yanaua mshipa kweli, pamoja na fizi, mfupa na jino la jirani.

10. Mtaani kuna anayetoa wadudu wa meno kwa moshi. Mbona tunawaona wakitoka?

Walikuja naye.

## Kwenye kiti

11. Inauma?

Kwa ganzi iliyoshika, utahisi kusukumwa na kusikia mashine. Maumivu makali hapana. Sifa mbaya ya ruti kanali inatokana na maumivu yaliyomleta mgonjwa, naye anapohadithia huyaunganisha yote kuwa kitu kimoja.

Nisikudanganye, kuna ugumu mmoja. Gego la chini lenye kiini kilichovimba moto linaweza kukataa ganzi ya kwanza, kwa sababu uvimbe hubadilisha hali ya nyama na dawa haifanyi kazi vizuri. Tunaongeza sindano mahali pengine. Ukihisi maumivu, inua mkono. Usivumilie kishujaa, maana ukijikaza na mimi siwezi kufanya kazi ndogo kama ile.

12. Mnafanya nini humo ndani muda wote huo?

Baada ya ganzi tunavalisha jino kitambaa cha mpira chenye tundu, jino likabaki peke yake limechomoza. Kifaa hiki kilibuniwa New York na Sanford Barnum mwaka 1864, na bado hakijapata mpinzani. Kinazuia mate yenye bakteria kuingia jinoni, na kinakuzuia wewe kumeza dawa au kifaa. Ukiona hakitumiki, una haki ya kuuliza kwa nini.

Kisha tunafungua jino kwa juu na kutafuta mifereji. Jino la mbele la juu huwa na mmoja. Gego la kwanza la chini mara nyingi lina mitatu au minne. Gego la kwanza la juu lina mizizi mitatu lakini mara nyingi mifereji minne, na huo wa nne hujificha. Ukiachwa, jino hilo litarudi. Tunaingia na vifaili, sindano laini zenye meno, vidogo kabisa vikiwa na unene usiofika hata sehemu ya kumi ya milimita nchani, na vimepakwa rangi ili tusichanganye namba. Kifaa cha umeme hutuonyesha mzizi unapoishia.

Kazi kubwa zaidi hufanywa na maji, si chuma. Tunaosha mifereji mara nyingi kwa dawa ya kundi moja na ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Ndiyo harufu ya bwawa la kuogelea unayoisikia. Faili hugusa sehemu tu ya kuta, dawa ndiyo inayofika kwenye kona. Tafadhali usijaribu kusukutua na ya dukani.

Mwisho tunakausha na kujaza gutapacha, utomvu wa miti ya huko Malaysia na Indonesia, pamoja na gundi yake. Utomvu huohuo ndio uliofunika nyaya za telegrafu zilizolazwa chini ya bahari karne ya 19, ukiwemo waya uliofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879. Kilichozuia maji ya bahari kinaweza kuzuia mate.

13. Nitakuja mara ngapi?

Mara moja hadi tatu. Jino la mbele ambalo kiini chake ndiyo kwanza kimeharibika linaweza kuisha kwa mkao mmoja wa saa moja hivi. Gego lenye usaha unaochuruzika tunaliwekea dawa ya kalsiamu ndani, tunalifunga kwa muda, na kukuita baada ya wiki moja au mbili. Dawa ya muda ni ya muda: imeandaliwa kukaa wiki, si mwaka. Mtu anayetoweka katikati kwa sababu maumivu yameisha amerudi swali la 3.

14. Mnapiga picha nyingi. Mionzi hainidhuru?

Picha ya jino moja ina mionzi kidogo sana. Tunahitaji ya mwanzo, ya kupima urefu, na ya mwisho kuthibitisha. Daktari asiyepiga picha hata moja anafanya kazi gizani.

## Baada ya matibabu

15. Ganzi imeisha na jino linauma. Limeharibika?

Siku mbili tatu za kuuma ukitafuna ni kawaida, kwa sababu nyama iliyozunguka ncha imeguswa. Ibuprofeni kwa asiye na vidonda vya tumbo wala matatizo ya figo, au parasetamoli, hutosha. Rudi ukiona uvimbe mpya, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua baada ya siku ya tatu, au jino linalogusana kabla ya mengine ukifunga mdomo. Hilo la mwisho ni kazi ya dakika mbili ya kupunguza dawa iliyozidi, lakini usiporudi litakutesa mwezi.

16. Nile nini?

Usile mpaka ganzi itoke, utajing'ata ulimi. Mpaka jino liwekwe kiziba cha kudumu, upande ule usahau miwa, mahindi ya kuchoma, mifupa na karanga ngumu. Na soda ifunguliwe kwa kifungulio.

17. Kofia ya jino ni lazima au mnatafuta hela?

Kofia ni kifuniko kigumu kinachovalishwa sehemu ya juu ya jino. Kwa gego, karibu kila mara ni lazima. Jino hili limeshatobolewa na uozo, kisha na sisi. Kuta zilizobaki ni nyembamba, na gego ndilo linalobeba uzito wa kutafuna. Bila kofia linaweza kupasuka hadi kwenye mzizi, na jino lililopasuka mzizi halina dawa. Meno mengi yaliyotibiwa mizizi ninayoyang'oa, mizizi yake ilitibiwa vizuri tu. Kilichokosekana ni cha juu: mgonjwa alibaki na dawa ya muda, mate yakapenya, bakteria wakarudi, au jino likagawanyika kwenye kipande cha nyama ya mbuzi.

Jino la mbele ambalo halijaoza sana linaweza kutosheka na kiziba cha rangi ya jino.

Kwa hiyo unapopanga bajeti, hesabu kofia tangu mwanzo. Kama huna uwezo wa vyote kwa pamoja, mwambie daktari mapema. Kipo kiziba imara kinachoweza kufunika ncha za gego na kukusogeza miezi kadhaa.

18. Litadumu miaka mingapi?

Likisafishwa vizuri na kufunikwa vizuri, miongo, hata maisha yako yote. Dawa iliyojazwa mzizini haiozi, lakini jino lililoizunguka linaweza kuoza upya, kwa hiyo mswaki bado ni mara mbili kwa siku.

19. Jino langu la mbele limekuwa jeusi baada ya kutibiwa, au baada ya kuanguka.

Damu ya kiini kilichokufa huingia kwenye vitundu vya tabaka la manjano na kulitia rangi. Jino lililogongwa utotoni kwenye mpira au bodaboda linaweza kugeuka miaka mingi baadaye; lipigwe picha kwanza kujua kama lina uambukizo. Mzizi ukishatibiwa, tunaweza kuweka dawa ya kung'arisha *ndani* ya jino kwa siku kadhaa. Dawa za meno za kusugua nje hazifiki huko, hata zikitangazwa namna gani.

## Gharama na mahali pa kutibiwa

20. Kwa nini bei zinatofautiana sana?

Gego lenye mifereji minne ni kazi mara kadhaa ya jino la mbele. Vifaa, picha, kofia na maabara inayoitengeneza navyo vinaingia. Uliza maswali matatu kabla ya kukaa kitini: bei hii ni ya jino zima au ya kila mkao? Picha zimo? Kofia imo? Kwa mwenye bima, ruti kanali na kofia zinaweza kuhesabiwa kama huduma mbili, moja ikakubaliwa na nyingine ikakataliwa. Pata jibu kabla, kwa maandishi.

Vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno, kama Muhimbili pale Dar es Salaam, hutibu wagonjwa kwa mikono ya wanafunzi wakisimamiwa na walimu. Utatumia muda mrefu zaidi. Kazi hukaguliwa kila hatua, jambo ambalo kwangu hakuna anayelifanya.

21. Kituo cha afya wameniambia hawafanyi, wang'oe tu.

Wanasema kweli: vituo vingi vina tabibu wa meno na vifaa vya kung'olea, bila mashine ya picha. Omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Wakati unasubiri, waombe walifungue jino na kuweka dawa ya kutuliza, kitu ambacho tabibu wengi wanaweza kukifanya vizuri.

## Hali maalumu

22. Mimi ni mjamzito. Nisubiri nijifungue?

Usisubiri na usaha mwilini. Kazi iliyopangwa ni rahisi zaidi mwezi wa nne hadi wa sita, lakini dharura hutibiwa mwezi wowote. Ganzi ya kawaida inakubalika, na picha ikihitajika huelekezwa mdomoni, mbali na tumbo. Kinachohitaji uangalifu ni dawa: parasetamoli ndiyo, diklofenaki na ibuprofeni uziache, hasa ujauzito ukishavuka nusu. Tetrasaiklini hapana, hutia rangi meno ya mtoto.

23. Nina kisukari, presha, tatizo la moyo, selimundu au VVU.

Hakuna hata moja linalokuzuia, na kwa wengi wenu ruti kanali ni salama kuliko kung'oa kwa sababu haiachi kidonda wazi. Sema tu ukweli wako mapema. Mwenye kisukari ale na anywe dawa zake kama kawaida, maana wengi huja na njaa wakidhani ni operesheni. Mwenye valvu ya moyo ya bandia huhitaji antibayotiki kabla ya kazi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache kwa uamuzi wake. Mwenye selimundu asilicheleweshe jino, uambukizo unaweza kumwamshia maumivu ya mwili mzima. Anayetumia ARV vizuri anatibiwa kama mtu mwingine yeyote.

24. Mtoto wangu ana jino bovu. Si litang'oka tu?

Kwanza hakikisha ni la utoto. Gego la kwanza la ukubwani huota karibu na miaka 6, nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka. Wazazi hulihesabu la utoto, wanaliacha lioze, na mtoto wa miaka 9 anapoteza jino alilopaswa kuzeeka nalo.

Magego ya utoto nayo hukaa hadi miaka 10 au 12 na hushikilia nafasi za wakubwa wao. Tunaweza kutoa sehemu ya juu ya kiini, au kiini chote na kujaza dawa inayoyeyuka pamoja na mizizi, ili isimzuie mrithi. Kwa mtoto mchanga, fizi zilizovimba si "meno ya plastiki" ambayo mtaani huaminika lazima yatolewe. Anayezichana huharibu chonge za baadaye.

25. Nimefunga Ramadhani. Naweza kutibiwa?

Hukumu mwulize sheikh wako. Kwa upande wa kazi, kitambaa cha mpira na bomba la kunyonya mate hupunguza sana maji ya kumezwa, ila siwezi kukuahidi hakuna tone. Wengi huomba miadi baada ya futari, nasi huipanga. Mwenye uvimbe asisubiri Idi.

26. Nilisoma kwamba jino lililotibiwa mzizi linaleta saratani.

Hofu hii imetokana na Weston Price, daktari wa meno wa Marekani wa mwanzo wa karne ya 20, aliyedai meno haya husambaza magonjwa mwilini. Majaribio yake yalikuwa na kasoro, waliorudia kwa uangalifu hawakupata matokeo yake, na meno mengi mazima yaling'olewa bure kabla wazo hilo halijaachwa. Mtandaoni bado linaishi.

27. Daktari ameniambia kipande cha faili kimekatikia ndani.

Amefanya vyema kukwambia. Vifaili hukatika, hasa kwenye mizizi iliyopinda, na chuma chenyewe hakina madhara. Kinachohesabika ni kama mfereji ulikuwa umeshasafishwa kabla ya kukatika. Kama ndiyo, mara nyingi kinaachwa na jino linafuatiliwa kwa picha. Kama bado, bingwa mwenye darubini anaweza kujaribu kukitoa au kukipita pembeni.

28. Jino nililotibiwa zamani limeanza kuuma tena.

Mshipa haupo tena ndani, kwa hiyo kinachouma ni kilicho nje ya mzizi. Huenda mfereji mmoja uliachwa, kiziba kinavuja, au jino limepasuka. Likiwa zima, tunatoa gutapacha na kurudia kazi upya. Ikishindikana, kuna upasuaji mdogo wa kukata ncha ya mzizi kupitia fizi na kuiziba kwa nyuma. Likiwa limepasuka, rudi swali la 6.

29. Nimeanza matibabu Dar na nahamia Mwanza. Nifanyeje?

Omba vitu vitatu: picha zako, maandishi yanayotaja jino gani na mifereji mingapi iliyopatikana pamoja na urefu wa kila mmoja, na tarehe dawa ya muda ilipowekwa. Picha ipige kwa simu, ibaki kwako. Daktari wa Mwanza akipata hayo anaanzia pale mwenzake alipoishia, na wewe huanzi kulipia upya kutafuta mfereji wa nne.